Usimsomee Mtu

Hii nitaisimulia bila kuwauliza kama mko tayari, na nawaomba sana, nikiwa katikati msinijibu kitu. Sikilizeni tu. Mwisho mtajua kwa nini leo nimekuwa mkali.

Ilianza Jumatatu saa tatu asubuhi, siku ya kawaida kabisa. Mama Vitabu alikuwa amefungua duka lake, amefagia, na sasa anapangusa vumbi kwenye rafu kwa kipande cha shuka kuukuu. Alikuwa akiuza vitabu vilivyokwisha kusomwa: vya shule, vya mapishi, vya mapenzi vilivyochanika majalada, vya dini zote, na vingine ambavyo hata mwenyewe hakuvielewa. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kimoja, na humo aliishi na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa amepofuka miaka kumi na moja nyuma. Macho yalizima, ulimi haukuzima. "Macho yamestaafu," alikuwa akisema, "ila masikio bado yako kazini, na yana njaa." Basi kila siku saa kumi alasiri Mama Vitabu aliegesha mlango wa duka, akaketi kwenye kigoda mbele ya kiti cha mama yake, akamsomea. Hakuwa na mume tena, wala hakujaliwa watoto. Yule bibi kwenye kile kiti ndiye aliyekuwa ukoo wake wote.

Mtu wa tatu katika mambo haya ni Fundi. Fundi alikuwa mshona vitabu. Kila asubuhi alitandika gunia kwenye baraza ya duka, akapanga sindano, uzi mweusi na kipande cha nta, na kazi yake ilikuwa kufufua vitabu vilivyokufa mgongo. Hakuwa msemaji, na alipenda kuhesabu. Kila kitu alihesabu, hata ngazi tatu za baraza alizozipanda kila siku ya Mungu.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya Jumatatu hiyo palikuwa na mkutano. Wazazi walileta orodha ya vitabu wanavyotaka viondolewe madukani: hiki kinafundisha uganga, hiki kina matusi, hiki kitaharibu watoto. Wenye maduka wengine waliinamisha vichwa. Mama Vitabu akasimama, mkono kiunoni.

"Kitabu hakina meno," alisema. "Anayeuma ni msomaji. Na mkishaanza kuchoma, nani atawaambia basi?"

Watu walipiga makofi, kwa kweli alisema vizuri. Hata mimi ningepiga. Tangu siku hiyo wapita njia wakawa wanamsalimia kwa utani: "Mama Vitabu, hujaumwa leo?" Naye hujibu, "Hata kiroboto hajaning'ata!" Alijivunia maneno yale. Weka hilo akilini.

Jumatatu hiyo basi, akaingia mwanamke mmoja aliyevaa nguo za eda, amebeba boksi kichwani. Mumewe alikuwa mpiga chapa, amefariki, na yeye anahama nyumba. Hakutaka kitu, alitaka tu kutua mzigo. Mama Vitabu alipoanza kuvitoa vitabu, yule mjane aliweka kiganja juu ya kimoja, kidogo, kinene kama tofali, hakina jina kwenye jalada.

"Hiki ukitaka kukisoma, soma mwenyewe. Kimyakimya. Hutapatwa na jambo," alisema. "Usimsomee mtu."

"Kwa nini, dada?"

Yule mwanamke alitazama mlango. "Mimi nilikuwa na mume na mtoto," alisema taratibu. Kisha akaokota ile kata aliyobebea boksi, akaondoka bila kuaga.

Mama Vitabu alimsikitikia. Msiba unamchanganya mtu, alijisemea. Akakifungua kile kitabu. Zilikuwa hadithi, tena hadithi nzuri, za mgeni mmoja anayetembea nyumba hadi nyumba. Karatasi zilikuwa za manjano, herufi zimepigwa safi, ila mgongo ulikuwa umekatika. Akampelekea Fundi.

Fundi naye alifanya kama anavyofanya siku zote. Kabla hajakata uzi wa zamani, alichukua penseli akaandika namba mgongoni mwa kila fungu la kurasa, ili baadaye asichanganye. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Mafungu tisa. Akayafumua, akayanyoosha chini ya jiwe, akayashona upya kwa uzi wake mweusi alioupaka nta. Jumanne asubuhi kazi ilikuwa tayari.

Jumanne hiyohiyo akapita Mwalimu, kijana wa shule iliyo nyuma ya duka, ng'ambo ya kichochoro. Aliishi mtaa mwingine, na Bi Mkubwa alimjua kwa sauti tu kutoka chumba cha nyuma; alikuwa mteja mzuri na mtu wa kucheka. Akakiokota kile kitabu mezani, akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, akasoma wa pili.

"Mama Vitabu, hii ya kwanza ni fupi, ni tamu. Niazime nikatoe kopi kwa ajili ya darasa langu. Ijumaa tuna kipindi cha kusoma."

"Mwenyewe aliyekileta kasema tusimsomee mtu," alisema Mama Vitabu, akicheka.

"Basi kanionea. Mimi nalipwa kwa kusoma kwa sauti!"

Wakacheka wote wawili. Fundi hakucheka, ila Fundi hachekagi. Mama Vitabu alikitoa. Yeye ni nani amzuie mtu kusoma? Baada ya nusu saa Mwalimu alikirudisha, na makaratasi arobaini na mawili yenye joto kifuani mwake, la kila mtoto na lake.

Saa kumi ilipofika, Mama Vitabu aliegesha mlango, akaketi kwenye kigoda, akafungua hadithi ya kwanza. Juu kabisa, kabla ya lolote, palikuwa pameandikwa maneno mawili ambayo kila mmoja wetu amelelewa nayo. Akayasoma kwa sauti.

"Hadithi, hadithi!"

Bi Mkubwa akatabasamu, akajiweka sawa kitini. Amelelewa wapi mtu asiyejua jibu lake?

"Hadithi njoo!"

Hadithi ilikuwa ya mgeni aliyefika mtaa mmoja akitafuta nyumba. Hakubisha popote. Alisimama tu mwanzo wa mtaa, akasikiliza ni nani atamwita. Ikaishia hapo, mgeni amesimama. Bi Mkubwa alisema ni fupi mno, kama kuonjeshwa mchuzi kwa ncha ya kijiko. Kesho tuendelee, akasema.

Jumatano wakaendelea. Hadithi, hadithi. Hadithi njoo. Ya pili, mgeni alikuwa ametoka mwanzo wa mtaa, amefika mlangoni. Alikuwa na viatu vikavu ambavyo vinalia kila anapohamisha uzito. Mama Vitabu aliposoma hapo, mama yake aliinua kidole.

"Nani yuko dukani?"

"Hakuna mtu, mama. Nimeegesha mlango."

"Kuna mtu. Viatu vyake havijapakwa mafuta."

Mama Vitabu alinyanyuka akachungulia. Duka lilikuwa tupu, jua la alasiri limelala sakafuni. Fundi alikuwa kwenye gunia lake, miguu mitupu. Alirudi akasoma mpaka mwisho, lakini kwa haraka kidogo, na kitabu akakifungia kwenye droo ya meza.

Alhamisi aliamkia sokoni kutafuta karatasi za kufungia, akachelewa. Alirudi saa saba mchana. Akamkuta mama yake ametulia kitini, uso umechangamka, mikono imefumbatana mapajani.

"Leo umesoma vizuri," alisema Bi Mkubwa. "Hukukimbia kama jana."

"Nimesoma lini, mama?"

"Si sasa hivi! Ile ya tatu. Pale mgeni anapoingia ndani, akakaa."

Mama Vitabu alitua kikapu chake. "Mama, mimi nilikuwa sokoni. Ndiyo kwanza nafika."

"Acha utani, mwanangu. Sauti yako mimi nisiijue? Nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili." Kisha akageuza uso upande wa kona, penye sanduku la vitabu vya zamani, akateremsha sauti. "Na huyo uliyemkaribisha mbona humpi hata maji? Amekaa pale tangu asubuhi."

Kwenye sanduku hapakuwa na mtu. Palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi sehemu safi, upana wa mtu aliyekaa.

Mama Vitabu alitoka mbio barazani. "Fundi, nani ameingia humu ndani?"

Fundi aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Uso wake ulikuwa umepauka. "Hakuna aliyeingia," alisema. "Lakini nilisikia ukimsomea Bi Mkubwa. Nimekusikia kabisa. Halafu nikakuona unakuja kwa barabara, na kikapu."

Gari likapita na redio yake. Mtu akacheka ng'ambo. Mama Vitabu aliingia dukani, akafungua droo kwa ufunguo wake. Kitabu kilikuwemo kama alivyokiacha. Akampa Fundi, na Fundi akakigeuza mgongo, akaweka kidole, akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Alipofika tisa hakuinua kidole. Akahesabu tena tangu mwanzo.

"Sema basi!"

"Kumi," alisema Fundi. "Na hili la kumi halina namba yangu."

Akalifunua. Karatasi ilikuwa ya manjano kama zile nyingine, herufi zilezile. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu uliopigwa chapa, na hadithi yake ilimhusu bibi mmoja kipofu, anayekaa nyuma ya duka, mwenye masikio yenye njaa.

"Kichome," alisema Fundi. Alikuwa ananong'ona. "Tafadhali, dada. Leta kiberiti."

Sasa mnisikilize, maana watu wengi humhukumu Mama Vitabu hapa. Alikuwa anaogopa kwa kweli. Lakini mtu aliyesema neno mbele ya mtaa mzima hulibeba hata likimlemea.

"Nikichoma hiki leo," alisema, "kesho watakuja na orodha yao. Watasema, hata Mama Vitabu alichoma. Nitawajibu nini?"

"Sumu ya panya inauzwa dukani," alisema Fundi. "Sijasikia mtu akilia ipigwe marufuku. Lakini wewe huiweki kwenye kopo la unga."

"Na nani atashika ufunguo wa kabati la sumu? Leo wewe. Kesho nani?"

"Sijui. Mimi ni mshona vitabu tu." Alikisukuma kile kitabu kwa ncha ya mkasi, hakutaka kukigusa tena. "Ila fikiri kidogo. Kinatuuliza, na sisi tunajibu nini? Tangu tukiwa watoto, tunajibu nini?"

Mama Vitabu alifungua mdomo. Kisha akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Njoo," alisema Fundi. "Tunaita, dada. Sisi wenyewe ndio tunaoita."

Mama Vitabu hakukichoma. Alikifungia kwenye kabati la chuma lililokuwa mbele dukani, akazungusha ufunguo mara mbili, akauvaa shingoni. Hatakiuza, hatakisoma, hatakiharibu. Aliona ni uamuzi wa katikati, wa mtu mwenye busara. Ee Mola.

Saa kumi ikafika. Hakuegesha mlango, aliuacha wazi na akamwomba Fundi asiondoke. Akaenda akaketi kwenye kigoda, mikono mitupu, akaishika mikono ya mama yake. Ilikuwa ya baridi.

"Leo hatusomi, mama. Leo tuzungumze tu."

"Hadithi haikatwi katikati," alisema Bi Mkubwa. "Imebaki moja. Ameniambia imebaki moja tu."

"Nani kakwambia?"

Bi Mkubwa alikuwa amegeuza sikio upande wa kona. Kule kwenye sanduku, kitu kikalia. Ngozi kavu. Mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Mama, nikuombe kitu," alinong'ona Mama Vitabu. "Ukisikia chochote, usijibu. Hata ukisikia ni mimi. Nimekupigia magoti. Usijibu."

"Mbona unanitisha, mwanangu?"

Na hapo ikasema. Ilitoka konani, si mbali, kama hatua nne hivi. Sauti ya mwanamke wa makamo, yenye ukwaruzo kidogo mwishoni kwa sababu ya vumbi la miaka mingi. Sauti yake yeye Mama Vitabu, na midomo yake mwenyewe imebana.

"Hadithi, hadithi!"

Aliruka. Akamziba mama yake mdomo kwa viganja viwili, akambana kichwa kifuani, analia. Nimesikia watu wakisema angembana zaidi. Angembana vipi? Yule ni mama yake, bibi wa miaka sabini na saba, na mdomo uliojibu vile tangu haujaota meno haungojei ruhusa. Alihisi midomo ikicheza chini ya vidole vyake. Alihisi pumzi ya moto kwenye kiganja. Neno likapita katikati ya vidole, dogo, la kitoto.

"Njoo."

Mama Vitabu akakumbuka kitabu. Kichomwe, kichomwe sasa hivi, na mkutano ukafie mbali! Alikimbilia mbele, akavuta ufunguo shingoni mpaka kamba ikakatika, akafungua kabati, akakinyakua. Fundi alikuwa tayari amesimama na kiberiti. Hazikupita dakika mbili. Akarudi chumbani kumchukua mama yake watoke wote nje.

Kiti kilikuwa kitupu.

Dirisha la chumba kile lina nondo, hata paka hapiti. Mlango ni mmoja tu, unatokea dukani, na dukani walikuwepo wao wawili. Kandambili za Bi Mkubwa zilikuwa chini ya kiti, zimepangwa sawasawa, visigino ukutani. Mto wa kiti ulikuwa bado na joto. Mama Vitabu aliita mpaka sauti ikamkauka. Majirani wakaja, wakatafuta kichochoroni, visimani, hospitali, kituoni. Kila aliyeulizwa alisema hivihivi: hatujamwona bibi kipofu yeyote.

Asubuhi ya Ijumaa Fundi alimkuta Mama Vitabu kwenye uwanja mdogo nyuma ya duka, amekaa chini, kitabu kiko mbele yake juu ya majani makavu. Hakuwa amelala. Kiberiti alikuwa nacho mkononi tangu jana yake.

"Nimeshindwa kukiwasha," alisema. "Nikikichoma, na yeye yumo?"

Fundi alichuchumaa. Hakuhesabu kwa sauti, lakini Mama Vitabu aliona midomo yake ikihesabu. Ilipofika kumi na moja ikasimama. Akalifunua fungu la mwisho pale katikati, penye mshono, akamwonyesha.

Uzi wake Fundi ni mweusi, siku zote. Lile fungu la kumi na moja lilishonwa kwa uzi mweupe. Mwembamba, unang'aa, umepita kwenye matundu kwa ufundi. Mama Vitabu aliugusa kwa kidole, kisha akainusa ncha ya kidole chake. Mafuta ya nazi. Alikuwa amempaka mama yake kwenye mvi zake asubuhi ile ya Alhamisi, kabla ya kwenda sokoni, akamsuka vitutu viwili.

Hakulia. Alisoma mstari wa kwanza tu wa lile fungu, kimyakimya, kama alivyoagizwa na yule mjane tangu mwanzo. Ulisema: *Palikuwa na mwanamke aliyesema kitabu hakina meno.* Akakifunga. Akawasha kiberiti.

Kiliungua kama kitabu kingine chochote. Jalada lilijikunja, kurasa zikawa nyeusi moja baada ya nyingine, moshi ukapanda ukavuka ukuta wa kichochoro. Fundi alichochea kwa kijiti mpaka kisibaki hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua kali, mtu anakaanga vitunguu mahali fulani.

"Basi," alisema Fundi. "Yameisha, dada. Mungu atamrehemu."

Hapo ndipo waliposikia. Ilivuka ukuta kutoka upande wa shule, sauti za watoto wadogo, zote kwa pamoja, za furaha, zinavutana mwishoni kama watoto wavutavyo.

"Hadithi njooo!"

Mama Vitabu alimtazama Fundi. Ijumaa. Kipindi cha kusoma. Makaratasi arobaini na mawili yenye joto.

Hakukumbuka alivyovuka kichochoro. Aliingia getini miguu mitupu, nguo imejaa majivu, akapita madarasa mawili akafika la tatu. Na nje ya darasa, amesimama barazani anafuta chaki mikononi, akamkuta Mwalimu. Anatabasamu.

"Mama Vitabu! Mbona hukuniambia? Ningemtafutia kiti kizuri."

"Nani?"

"Si Bi Mkubwa! Nilitoka kidogo kufuata madaftari ofisini, narudi nasikia ameshaanza. Nikasema nisimkatize." Akainamisha kichwa kusikiliza, kwa heshima. "Watoto wamempenda. Tena anasoma, Mama Vitabu, hakosei hata neno moja."

"Mwalimu," alisema Mama Vitabu. "Mama yangu haoni."

Tabasamu la Mwalimu lilibaki usoni muda kidogo, halina mwenyewe.

Mama Vitabu aliegemea dirisha. Watoto walikuwa wameketi, mikono imekunjwa juu ya madawati, macho yote mbele. Mbele palikuwa na meza, na nyuma ya meza kiti cha Mwalimu. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Karatasi iliyokuwa mezani ikajigeuza, taratibu, kama inavyogeuzwa na kidole kilicholowanishwa na mate. Na kutoka pale kitini ikaja sauti ya mama yake, nzima, ya uchangamfu, ile aliyoijua kabla hajajua kitu kingine duniani.

"Hadithi, hadithi!"

"Msijibu!" alipiga ukelele Mama Vitabu, akipiga nondo za dirisha kwa viganja. "Wanangu, msijibu! Msijibu!"

Lakini umewahi kuwaona watoto wakaulizwa vile wakanyamaza?

Wote walirudi makwao salama siku ile. Nalisema hili ili msiniulize. Mwalimu aliwahesabu getini mara tatu, na hesabu ilitimia. Kiti kilipokaribiwa hakikuwa na kitu, wala sauti haikusikika tena. Mama Vitabu alikusanya makaratasi yote mwenyewe, dawati kwa dawati. Yalikuwa makaratasi ya mashine, yaliyokunjwa katikati tu, hayajawahi kuona sindano. Kila moja, penye mkunjo, lilikuwa na mshono mmoja wa unywele mweupe.

Wiki iliyofuata ule mkutano ulikaa tena. Orodha ikasomwa, ndefu kuliko ya kwanza, na watu wakageuka kumtazama Mama Vitabu aseme. Alisimama. Akakaa. Fundi anasema hajui mpaka leo alitaka kusema viuzwe au visiuzwe, na nadhani hata mwenyewe hajui.

Ila siku hiyohiyo ya mkutano, saa sita mchana, mama mmoja wa mtaa ule alikuwa jikoni anapika, akamsikia mwanawe, wa darasa la Mwalimu, chumbani akisoma kwa sauti. Akafurahi. Akamwita aje ale, mtoto hakuja, anasoma tu. Akajifuta mikono aende kumwita vizuri, na alipopita dirishani akamwona mwanawe huko nje barabarani, begi mgongoni, ndiyo kwanza anarudi kutoka shule.